Uokotaji wa masazo mashambani haukukomeshwa na hukumu ya mwaka 1788

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Igunga, ambaye barua yake mliichapisha hivi karibuni, kuhusu wanawake na watoto wanaoingia majarubani baada ya mpunga kuvunwa ili kuokota masuke yaliyosalia. Mwandishi huyo alizitaka serikali za vijiji zitangaze kwamba kuokota masazo ni wizi kama wizi mwingine, na hoja aliyoiegemea kuliko zote ni kwamba hata Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, jambo hili lilikatwa mahakamani mwaka 1788, majaji waliposema kwamba maskini hana haki yoyote katika shamba la mwenzake. Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika mkoa huu wa Tabora, nami nakubaliana naye kwamba mwaka alioutaja ni sahihi na hukumu anayoisema ilitolewa kweli. Ninachokipinga ni kuifanya hukumu hiyo kuwa mwisho wa habari. Waingereza wa vijijini waliendelea kuokota masazo kwa takriban miaka mia moja baada yake, na jinsi walivyoendelea ndiko kwenye la kujifunza kwa vijiji vyetu, kwa wenye mashamba na kwa waokotaji pia.

Nianze na kesi yenyewe, kwa kuwa wanaoitaja ni wengi na wanaoisimulia ni wachache. Wakati wa mavuno ya mwaka 1787, katika kijiji cha Timworth, jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, mwanamke aitwaye Mary Houghton aliingia katika shamba la James Steel na kuokota masuke bila kuomba ruhusa, kama wanawake wa kijiji hicho walivyozoea kufanya. Hakushtakiwa kwa wizi. Alidaiwa fidia, yeye pamoja na mumewe, kwa kuingia katika ardhi ya mtu pasipo idhini, na hiyo ilikuwa kesi ya madai wala si ya jinai. Msomaji mwenzangu aliiruka tofauti hiyo, ilhali ndiyo iliyoamua mengi katika miaka iliyofuata.

Upande wa utetezi ulitegemea nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa Maandiko, hasa sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, inayomkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kuyakusanya masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Ya pili ilikuwa maneno ya wanasheria wakubwa, akiwamo Jaji Matthew Hale wa karne ya 17 na William Blackstone, ambaye miaka ishirini tu kabla ya hukumu hiyo alikuwa ameandika kwamba kwa sheria na desturi ya Uingereza maskini huruhusiwa kuingia shambani baada ya mavuno na kuokota bila kuhesabiwa kuwa wavamizi. Majaji walikuwa wanne. Lord Loughborough, aliyekuwa mkuu wao, pamoja na Heath na Wilson, walisimama upande wa mwenye shamba. Jaji Gould peke yake alisema kwamba desturi iliyoenea na kukaa muda mrefu kiasi hicho ni haki. Walio wengi walijibu kwamba sheria ya Musa haikuifunga mahakama ya Uingereza, kwamba haki ya namna hiyo haipatani na umiliki kamili wa mali, na kwamba desturi yenyewe haikuwa moja, kwani huku watu waliokota hivi na kule vile, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika maskini anayestahili ni nani na anayaokota masuke ya zao lipi. Jaji Heath aliongeza hoja ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote: kwamba maskini wa Uingereza walikuwa tayari wamewekewa mfuko bora zaidi kuliko masuke, yaani kodi iliyotozwa wenye ardhi katika kila parokia kwa ajili yao, chini ya sheria iliyokuwapo tangu mwaka 1601.

Hoja ya Heath ingekuwa na uzito zaidi kama mfuko huo ungebaki. Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilibadilisha Sheria ya Maskini, likakusudia kwamba mtu mwenye nguvu zake asipate msaada ila kwa kuingia katika nyumba za kazi, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa mara tu walipopokelewa. Maana yake ni kwamba maskini wa Suffolk aliambiwa mwaka 1788 asitegemee masuke kwa kuwa ipo kodi ya maskini, na wajukuu wake wakaambiwa miaka 46 baadaye wasiitegemee kodi ya maskini. Katikati ya miaka hiyo, sheria moja baada ya nyingine zilizungushia uzio ardhi za pamoja zilizokuwa zimebaki vijijini, hata asiye na shamba akakosa pa kulishia ng'ombe mmoja na pa kukata kuni. Masazo ya mavuno yalikuwa miongoni mwa vitu vichache alivyobaki navyo, na ndiyo maana aliyashikilia.

Wala tusidhani kwamba yalikuwa kitu cha mchezo. Frederick Eden, aliyezunguka na kukusanya habari za hali ya maskini na kuzichapisha mwaka 1797, alieleza kuhusu kijiji kimoja cha Northamptonshire ambako familia kadhaa ziliokota ngano ya kuwatosha mkate wa mwaka mzima na maharage ya kumlisha nguruwe. Si kila mahali palikuwa hivyo, lakini hata pale ambapo familia ilipata unga wa miezi michache tu, huo ulikuwa unga wa miezi ya baridi, ambayo vibarua wengi walikosa kazi. James Caird, aliyekagua kilimo cha Uingereza mwaka 1850, alikuta kibarua wa kusini akilipwa wastani wa shilingi 8 na peni 5 kwa wiki, huku mwenzake wa kaskazini, karibu na viwanda na migodi, akipata shilingi 11 na peni 6. Kwa mtu wa shilingi 8 mwenye watoto watano, ngano aliyoiokota mkewe mwezi wa nane na wa tisa ilikuwa sehemu ya mshahara.

Sasa, kwa nini hukumu haikuwafukuza? Kwanza, kwa sababu ya ile tofauti niliyoitaja. Mwenye shamba aliyetaka kuitumia hukumu alipaswa kufungua madai, kumlipa wakili, na mwisho wa yote ashinde fidia dhidi ya mwanamke asiye na kitu cha kukamatwa. Wapo waliotangaza magazetini kwamba kuokota si haki tena, na tangazo likabaki kuwa tangazo. Wapo waliowafukuza wanawake kwa nguvu, wakajikuta wao ndio wanaopelekwa mbele ya hakimu kwa kosa la kushambulia. Waokotaji walikuja kwa makundi, walijuana, walikuwa na midomo, na mwenye shamba mmoja akisimama peke yake katika kijiji ambamo wake wa vibarua wake mwenyewe ndio waokotaji, alijua kwamba msimu unaofuata atawahitaji. Katika jimbo lilelile la Suffolk, mwanasheria Capel Lofft aliandika hadharani kuitetea desturi hiyo, kwa hiyo si kweli kwamba wasomi na wenye mali wote walikuwa upande mmoja.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Vijiji vingi vya Uingereza vilijiwekea utaratibu, na utaratibu huo uliwatuliza wenye mashamba kuliko hukumu ilivyowatuliza. Katika parokia nyingi za mashariki na kati ya nchi kengele ya kanisa ilipigwa asubuhi, mara nyingi saa mbili, na hakuna mwokotaji aliyeruhusiwa kuingia shambani kabla ya kengele hiyo. Ikapigwa tena jioni, na wote wakatoka. Mpiga kengele alilipwa na waokotaji wenyewe kwa vijisenti vyao. Faida ya kengele ilikuwa mbili. Mwenye shamba alijua kwamba mtu yeyote anayeonekana shambani gizani si mwokotaji, na mama mwenye mtoto mchanga, ambaye hawezi kuamka alfajiri na kuwahi, alianza sawa na msichana asiye na mzigo.

Ishara nyingine ilikuwa mganda mmoja wa ngano ulioachwa katikati ya shamba. Maadamu mganda ule umesimama, shamba halijafunguliwa, hata kama limekwisha kukatwa lote, kwa sababu mwenye shamba bado hajasomba mazao yake au bado anataka kupitisha reki. Mganda ukiondolewa, lango limefunguliwa. Katika sehemu nyingine mganda huo uliitwa "polisi", na jina lilistahili, kwani ulifanya kazi ya kulinda bila kulipwa. Vilevile baadhi ya vijiji vilimchagua mwanamke mmoja kuwa malkia wa waokotaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi, kuzuia wanaotangulia kabla ya wakati, na kuwarudisha kwao wageni waliotoka parokia nyingine. Siyapambi mambo: utaratibu huo uliwatenga watu, na palikuwa na vijiji ambavyo wenye mashamba walifungua mashamba yao kwa familia za vibarua wao tu. Hata hivyo, kila mtu alijua saa, alijua ishara, na alijua nani wa kumwendea.

Linganisha na hali ilivyo kwetu. Katika majaruba ya wilaya za Nzega na Igunga hakuna kengele wala mganda. Kuna mazoea tu, nayo yanategemea sura ya mwenye shamba siku hiyo. Wasiowahi kuliona jambo hili kwa karibu huenda wanadhani kuokota ni kujichumia mpunga wa watu. Vibarua wakimaliza kukata na mpunga ukapurwa juu ya turubai, mwanamke hukaa chini pale turubai lilipokuwa, akafagia kwa ufagio wa vijiti udongo wa juu pamoja na makapi, akapeta kwa ungo mara ya kwanza kuondoa makapi na mara ya pili kutenga mchanga, na akifika nyumbani bado ana kazi ya kuuchekecha mchele huo ndani ya maji ili kokoto zitangulie kukaa chini. Watoto hupita kati ya mabua wakikata masuke mafupi yaliyoangukia tope, ambayo mundu ulipita juu yake. Asubuhi nzima ya kazi hiyo haijazi debe.

Lakini sitaki kuwafanya wenye mashamba kuwa watu wabaya, kwa sababu malalamiko yao ni ya kweli na ni ya zamani. Wanasema kwamba vibarua huacha masuke makusudi ili wake na dada zao wayakute. Wanasema kwamba wanawake hukataa kibarua cha kuvuna, kwa kuwa wanaona kuokota kunawalipa zaidi au hakuna wa kuwasimamia. Wanasema kwamba aliyeingia kuokota akiona lundo ambalo halijapurwa hachelewi kuchota. Nikiyasoma malalamiko ya wakulima wa Uingereza wa miaka ile nakuta ni hayohayo matatu, karibu kwa mpangilio huohuo, kana kwamba yalinakiliwa. Lile la tatu ndilo lililotibiwa na mganda: hakuna kuingia wakati mazao bado yako shambani. La kwanza hutibiwa na mwenye shamba mwenyewe kwa kusimamia ukataji, na mwenye jaruba anayewaachia vibarua kazi na kwenda mjini hana wa kumlaumu. La pili ni suala la ujira tu, na anayetaka wanawake wavune badala ya kuokota anajua la kufanya.

Lipo pia jambo la mifugo, ambalo mwandishi wa Igunga hakuligusa kabisa ingawa ndilo linaloleta magomvi makali zaidi. Siku hizi mwenye jaruba, au aliyelikodi, huuza mabua kwa mfugaji kabla hata turubai halijakunjwa. Katika kijiji kimoja cha mkoa huu nimeshuhudia ng'ombe wakiingizwa jioni ileile ya mavuno huku wanawake wakiwa bado wameinama, na fimbo zikainuliwa pande zote mbili. Huko Uingereza nako walikuwapo waliofungulia nguruwe na kondoo mapema ili waokotaji wasikute kitu. Wafaransa walilitafutia jambo hili sheria: sheria yao ya mashamba ya mwaka 1791 iliwakataza wachungaji kuingiza mifugo katika shamba lililovunwa mpaka siku mbili zipite tangu mavuno yote kuondolewa, na ikawataka waokotaji nao wasiingie kabla ya mavuno kuondolewa. Siku mbili hazimfilisi mfugaji, na zinamtosha mwokotaji.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya yaachiwe dini na utu. Mkoa wetu una Waislamu na Wakristo wengi, na pande zote mbili zina maneno ya wazi: Wakristo wanamkumbuka Ruthu katika shamba la Boazi, na Waislamu wanasoma katika Suratul Qalam habari za wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri ili maskini yeyote asiingie, wakaamka wakaikuta imeteketea. Mimi mwenyewe naamini maneno hayo. Ila kesi ya Mary Houghton inatuonyesha yaliyompata mtu aliyeyapeleka mahakamani yakiwa peke yake. Majaji wale walikuwa Wakristo, walikijua Kitabu, na wakasema kwa utulivu kabisa kwamba hicho si sheria ya nchi.

Hapa ndipo hukumu ya 1788 inapotuhusu kwa namna ambayo msomaji mwenzangu, naona, hakuifikiria. Waingereza walipotawala Tanganyika walileta sheria yao, ile inayotokana na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na sheria yetu inayohusu matumizi ya sheria katika mahakama, Sura ya 358, bado inaitambua mpaka leo, kwa sharti kwamba itumike kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu. Kwa hiyo wakili wa mwenye jaruba anaweza kusimama katika Mahakama Kuu hapa Tabora na kuitaja kesi ya Steel dhidi ya Houghton bila kuchekwa. Upande wa pili unaweza kumjibu kwamba sheria hiyohiyo inatambua pia sheria za kimila, na kwamba ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Lakini atakayesema ipo mila ataulizwa aithibitishe, na mila inayobadilika kutoka kitongoji hadi kitongoji, ambayo haijaandikwa popote, ndiyo hasa iliyowapa wale majaji watatu sababu ya kuikataa.

Nimesikia watu wakijibu kwamba tusubiri, kwani mashine za kuvunia zinakuja na jambo litakufa lenyewe. Ni kweli kwamba huko Uingereza uokotaji uliuawa na mashine kuliko na majaji. Baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 mashine za kuvuna zilizokokotwa na farasi zilianza kuenea, zikafuatwa na zile zilizokata na kufunga miganda zenyewe, na reki za farasi zikapita nyuma yake, hata masuke yaliyobaki yakawa hayalipi kuinama. Shule nayo ilichangia: sheria ya mwaka 1870 ilieneza shule za msingi, na ile ya mwaka 1880 ikalazimisha mahudhurio, ingawa walimu wa vijijini waliendelea kulalamika kwamba likizo ya mavuno ikiisha madarasa hubaki nusu tupu mpaka uokotaji ukome. Mwalimu yeyote wa mkoa huu aliyewahi kufungua shule baada ya likizo ya Juni ataelewa. Lakini kati ya hukumu na mashine ilipita miaka mingi, na watu waliishi ndani ya miaka hiyo. Majaruba mengi ya kwetu ni madogo, yana kingo, tope lake ni zito, na mashine kubwa haiingii kirahisi. Mundu bado upo sana.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba vijiji vinavyolima mpunga vilijadili jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji mapema, kwa mfano mwezi wa tatu au wa nne, kabla mpunga haujaiva na kabla mtu yeyote hajawa na hasira, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya iidhinishwe, kama Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inavyoruhusu. Sheria hiyo isiwe ndefu. Iseme kwamba jaruba hufunguliwa kwa waokotaji pale tu mpunga uliopurwa umekwisha kuondolewa. Kwamba mwenye jaruba ataweka tawi juu ya ukingo kuonyesha kwamba bado halijafunguliwa na ataliondoa akimaliza. Kwamba kuokota ni kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kwamba mifugo isiingie mpaka siku mbili zipite. Na kwamba anayeingia kabla ya tawi kuondolewa, au anayegusa lundo, ahesabiwe kuwa mwizi, na hapo mwandishi wa Igunga atapata anachokitaka. Ugomvi ukitokea uende kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe saba na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake, badala ya kwenda kwa sungusungu na viboko vyao.

Swali la wageni ni gumu, na sitajifanya nina jibu la kuwaridhisha wote. Msimu wa mavuno huleta watu kutoka vijiji vya mbali, wengine wakiwa wamefuata kibarua, na mume akimaliza kukata mkewe huokota. Waingereza waliwafukuza wa parokia nyingine. Mimi naona kwamba aliyefanya kazi ya kuvuna katika kijiji msimu huo, pamoja na watu wa nyumba yake, ahesabiwe kama mwenyeji mpaka mavuno yaishe, na wanaokuja na magunia matupu juu ya pikipiki kwa ajili ya kuokota tu waombe ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kijiji kinachoona vinginevyo kiandike vinginevyo, mradi kiandike.

Kuhusu karanga, utaratibu hauwezi kuwa huohuo. Anayetafuta karanga zilizosalia hulazimika kufukua kwa jembe, na mashimo yake humkera mwenye shamba anayetaka kulima mapema au aliyepanga kupanda viazi palepale. Huko naona haki iwe ya muda mfupi, labda siku tano tangu karanga kung'olewa na kubebwa, kwa jembe la mkono tu, na mwokotaji afukie alipofukua kabla hajatoka shambani.

Wako katika kujenga taifa,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Nzega, Tabora